Nyumba za Wanafunzi Uskoti na Uingereza

Uskoti na Uingereza ni majirani chini ya mfalme mmoja, lakini sheria zao za upangaji ni mbalimbali. Uskoti ilitangulia. Tangu tarehe 1 Desemba, 2017, mkataba mpya wa nyumba ya mtu binafsi hauna tarehe ya mwisho: mpangaji hutoa notisi ya siku 28 akaenda zake, na mwenye nyumba hamtoi bila sababu inayotambuliwa na sheria. Kwisha kwa mwaka wa masomo si sababu. Kwa mwanafunzi aliyekwisha kupanga, hiyo ni ngome. Lakini yule anayewasili Edinburgh na sanduku lake mwezi Septemba hutaabika, maana mwenye nyumba hawezi kumwahidi chumba ambacho hajui kitaachwa lini.

Uingereza imefuata nusu ya njia. Sheria yake ya mwaka 2025 inafuta, kuanzia tarehe 1 Mei, 2026, uwezo wa kumtoa mpangaji bila kutaja sababu. Hata hivyo, wanafunzi watatu au zaidi wanaoshirikiana nyumba waweza kutolewa kati ya Juni na Septemba kwa notisi ya miezi minne, mradi walielezwa kabla ya kutia saini. Wawili waliopanga pamoja hawaguswi. Tofauti hiyo ni ya ajabu kidogo.

Asiyetoka hutolewa kwa amri ya mahakama tu. Mwenye nyumba anayebadilisha kufuli usiku ametenda jinai chini ya sheria ya mwaka 1977, ingawa mara nyingi polisi wa huko, wakiitwa, wamelichukulia kuwa shauri la madai.