Kitimoto ya Mbavu Jikoni Kwako
Leo tunapika kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, vile vipande vya mbavu vyenye mfupa. Ukifika buchani, itazame nyama kwanza. Ukiona vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, usinunue, hata kwa bei ya kutupa: hao ni minyoo tegu wachanga.

Vipande vya nyama vipake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, uviache nusu saa. Vikaange kwa moto wa wastani, dakika 4 au 5 kila upande, kisha nyunyiza maji kidogo na ufunike. Pasua karibu na mfupa. Pakiwa bado pekundu, rudisha jikoni. Mimi hula na ndizi za kukaanga na kachumbari, ila ubao uliokatia nyama mbichi uoshe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya.