RAM ya Kasi Wakati wa Uhaba

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM za kompyuta imepanda sana, kwa kuwa watengenezaji Samsung, SK Hynix na Micron wanaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Basi usinunue kwa kutazama namba kubwa tu. RAM ya kizazi cha DDR5 ya kasi ya 6000 yenye ucheleweshaji wa CL30 na ya 7200 yenye CL36 zote huanza kujibu baada ya nanosekunde 10. Ya 7200 hupitisha data nyingi zaidi, ila kwa kazi za ofisi hutaona tofauti. Kumbuka, RAM ya kizazi cha nyuma, DDR4, haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Ukiuziwa iliyotumika, ipime kwa programu ya MemTest86. Ikionyesha kosa hata moja, irudishe. Na kama uliyonayo inakutosha, tunza fedha yako.