Kumrudishia Mfugaji Mifugo Yake

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa za misikiti, Itetemia, Tabora)



Leo twapenda kuzungumza juu ya mfugaji aliyepoteza mifugo yake kwa ukame. Katika ukame wa 2008 na 2009, wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro zilipata hasara kubwa mno, hata Serikali ya Rais Kikwete ikagawa ng'ombe kwa kaya zilizobaki mikono mitupu. Tena, kaskazini mwa Kenya mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo tangu 2020 hadi 2022, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa.

Yawezekana mtu akauliza: je, mahindi ya msaada hayatoshi? Jibu twalipata katika Hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Ansari mmoja alimwendea Mtume s.a.w. kuomba. Mali yake ilikuwa nguo ya kujifunika na bakuli, navyo vikauzwa kwa dirham 2. Akaamrishwa anunue chakula cha jamaa zake kwa dirham moja, na kwa ya pili anunue shoka, akakate kuni. Baada ya siku 15 alirejea akiwa amepata dirham 10.

Tazameni hekima hiyo: chakula na shoka vilikwenda pamoja. Shoka la mfugaji ni mtamba. Akipewa mtamba huku watoto wanalia njaa, atauuza. Na wakati wa ukame bei ya ng'ombe huanguka, ya mahindi hupanda. Basi chakula kitangulie, na mifugo ifuate mvua zikisha kunyesha na majani kuota. Tena yafaa kuanza na mbuzi majike, kwani mbuzi hubeba mimba miezi 5, ng'ombe miezi 9. Nao wapate chanjo kwanza, wasije wakamalizwa na sotoka ya mbuzi.

Ndugu zetu, wengi wetu twahesabu zaka ya fedha, lakini zaka ya mifugo twaisahau. Sheria i wazi: ng'ombe 30 wanaolisha mbugani wakitimiza mwaka, hutolewa ndama mmoja wa mwaka mmoja, mbuzi 40, mmoja. Na Sura Tauba, aya ya 60, yawataja mafakiri na maskini mwanzo kabisa. Nyama huliwa siku moja ikaisha, lakini jike aliye hai hunywesha watoto maziwa miaka mingi.

Wazee wetu wa Unyamwezi, wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, walijua kwamba mwenzao akianguka njiani, mzigo wake hugawanywa. Basi kila mwenye zizi akahesabu mifugo yake leo kabla jua halijatua, na haki ya maskini aitenge.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe sote. Amin.