Neno Moja la Kiyunani kwa Mwaka wa Yubile
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo wa Shirimatunda)



Katika siku hizi za furaha nataka kuwaeleza neno moja tu la Kiyunani, nalo ni *afiemi*. Limeungwa kwa sehemu mbili: *apo*, yaani kutoka, na *hiemi*, yaani kupeleka. Maana yake ya asili ni kupeleka mbali, kuachilia kitu kiende zake. Petro na Andrea walipoziacha nyavu zao, Mathayo alitumia neno hilo. Na yule bwana alipomfutia mtumwa wake deni la talanta 10,000, ni neno lilo hilo. Sisi twasema kuacha, kuachilia, kusamehe. Kiyunani chayakusanya yote pamoja.

Tena, wale waliofasiri Torati kwa Kiyunani kabla ya Kristo, walipofika Mambo ya Walawi, mlango wa 25, waliuita mwaka wa yubile mwaka wa *afesis*, yaani wa maachilio. Basi yubile na msamaha ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa tutazame sarufi. Katika Sala ya Bwana kwa Mathayo, nakala kuu za karne ya 4 zina *afekamen*, tendo lililokwisha kutendeka: tumewaachilia. Nakala nyingi za baadaye zina *afiemen*: twawaachilia; na Luka naye hutumia wakati uliopo. Tofauti ni ya herufi chache, lakini yamwelemea mwenye kusali. Kwa tamko lile la kale, mtu ashuhudia kwamba amekwisha kumwachilia mdeni wake kabla ya kufungua kinywa. Wala hatununui rehema kwa tendo hilo. Yule mtumwa alisamehewa kwanza, kisha akamkaba koo mwenziwe kwa dinari 100. Hapo ndipo alipohukumiwa.

Wazee wetu wa Uchaggani walilijua jambo hili. Sale ndilo lipandwalo mpakani mwa kihamba, na jani la sale ndilo apelekalo mtu aombaye radhi. Mmea mmoja wawatenga majirani, nao huohuo wawapatanisha.

Ndugu zangu, huenda yupo kati yetu asiyemwamkia nduguye kwa ajili ya hatua mbili za kihamba. Nakusihi, usingoje siku ya sikukuu. Nenda leo jioni, ukiwa na jani mkononi, ili kesho uweze kusali kwa kweli: tumewaachilia.