Glakoma na Nasaba: Hadhari Juu ya Kuyahukumu Macho ya Waafrika kwa Elimu ya Ulaya



Glakoma, ambayo wagonjwa wetu aghalabu huiita presha ya macho, ni maradhi yaudhoofishayo mshipa wa fahamu uchukuao habari za jicho hadi ubongoni. Nayo huudhoofisha taratibu, pasipo maumivu wala wekundu, yakianzia pembezoni mwa uoni, hata mtu atambuapo kuwa amepata dhara, sehemu kubwa ya nuru yake imekwisha potea, wala hairudi. Kwamba maradhi haya hufuata ukoo ni jambo lijulikanalo tangu zamani. Nitakalo kulizungumza leo ni gumu zaidi: kwa nini huwaandama watu wa nasaba fulani kuliko wengine, na je, elimu ya jeni iliyokusanywa kwa Wazungu yafaa kuhukumia macho ya mtu wa Dodoma?

Tafauti zenyewe hazina shaka. Uchunguzi wa Baltimore, uliotangazwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba glakoma ya pembe wazi, yaani ile ambayo pembe ipitishayo maji ya jicho haikufungika, iliwapata Wamarekani weusi mara nne hadi tano zaidi kuliko weupe. Huko Barbados, watu 7 katika kila 100 wa asili ya Kiafrika, wenye umri wa miaka 40 hadi 84, walikutwa nayo. Ilhali Kongwa, hapa kwetu Tanzania, aina zote za glakoma zikijumlishwa hazikufika 5 katika 100 miongoni mwa wenye miaka 40 na zaidi. Wajapani wa Tajimi wenye glakoma ya pembe wazi walikuwa karibu 4 katika 100, lakini zaidi ya tisa ya kumi yao walikuwa na presha isiyozidi milimita 21 za zebaki, yaani ile tuihesabuyo kuwa ya kawaida. Wachina na Wainuiti, kwa upande wao, huelemewa zaidi na glakoma ya pembe iliyofungika. Basi hata kabla ya kuitazama jeni yoyote, rangi ya ngozi imekwisha kuwa kipimo butu. Na ubutu huo ulithibitika mwaka 2002 huko Marekani, pale watu wenye presha kubwa bila ya ugonjwa walipofuatiliwa kwa miaka, weusi wakaugua zaidi, lakini wembamba wa konea na upana wa kikombe, yaani kishimo cha kichwa cha mshipa wa fahamu, vilipotiwa katika hesabu, rangi ikapoteza uzito wake.

Katika jeni zenyewe, iliyotangulia kwa umaarufu ni MYOC, iliyotambuliwa mwaka 1997, ambayo kasoro zake huonekana kwa wagonjwa 3 au 4 tu katika 100. Na kasoro yake iliyo mashuhuri Ulaya ni nadra mno kwa Waafrika. Sitakawia hapo.

Nitakawia kwenye LOXL1, kwa kuwa kisa chake kina mafunzo mengi. Mwaka 2007 wataalamu wa Iceland na Sweden walitangaza kwamba mabadiliko mawili ya herufi katika jeni hiyo yanaambatana na ile glakoma itokanayo na magamba meupe yajikusanyayo juu ya lenzi na kuiziba njia ya maji ya jicho. Uhusiano ulikuwa wa nguvu ajabu, ingawa wapo watu wengi wazima wa macho waibebao herufi hiyo hiyo ya hatari. Kisha wakapimwa Wajapani, ikaonekana kwamba katika badiliko moja herufi idhuruyo kwa Mzungu ndiyo imkingayo Mjapani. Wakapimwa weusi wa Afrika Kusini, likageuka badiliko la pili. Maana yake ni kwamba herufi ile si shehena, bali ni bendera mlingotini, na majahazi mawili yaweza kupandisha bendera moja huku yakichukua mizigo mbalimbali. Sasa na afikiri msikilizaji: mganga ampimaye mgonjwa wa Cape Town kwa jedwali la Reykjavik angemwambia yuko salama kwa sababu ile ile imtiayo hatarini.

Hali hii ya kutegemea vipimo vya Wazungu haijaondoka. Mwaka 2021 ilitangazwa orodha ya sehemu 127 za kromosomu zihusianazo na glakoma ya pembe wazi, na wengi mno wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Jeni APBB2, iliyotajwa mwaka 2019, ilionekana kuhusiana na glakoma kwa watu wa asili ya Kiafrika, isionekane hivyo kwa wengine. Na mwaka 2024 uchunguzi ulioongozwa kutoka Philadelphia, wa watu zaidi ya 11,000 wa asili hiyo, ulitaja sehemu 46. Wagonjwa wa Dar es Salaam nao wamekwisha shiriki, pamoja na wa Afrika Kusini, katika kazi ya namna hii. Si ajabu Afrika kuhitaji uchunguzi wake yenyewe, maana ndiko wanadamu walikoishi muda mrefu kuliko kote, na nasaba zake zimetafautiana kuliko za mabara mengine.

Kwa hiyo siafiki kuletwa katika kliniki zetu zile alama za hatari, yaani hesabu zijumlishazo mabadiliko ya jeni za mtu, zilizokokotolewa kwa damu ya Wazungu. Kilicho bora kwa sasa ni swali la ukoo: huko Rotterdam, mwaka 1998, ndugu na watoto wa wagonjwa walikadiriwa kuwa na hatari ya 22 katika 100 maishani mwao, dhidi ya 2 hivi kwa wasio na mgonjwa katika jamaa. Napendekeza kadi ya kila mgonjwa iandikwe ndugu zake wa damu na watoto wake, nao waitwe. Na wakija, mshipa wa jicho utazamwe hata kama presha inaridhisha, kwa maana konea nyembamba hukifanya kipimo kisome chini ya ukweli.