Kutafuta Jamaa wa Mbali: Anza na Mzee, Ndipo Ushike Simu

(Mazungumzo kwa wazee, akina mama na vijana)

 

Vijana wengi wananiuliza: "Je, ni kweli simu inaweza kunionyesha jamaa zangu ambao sijawahi kuwaona?" Nawajibu, ndiyo, inaweza. Lakini simu peke yake haijui kitu. Anayejua ni yule mzee aliye nyumbani, na mzee huyo hatakuwa nasi siku zote.

Kwanza tuulize, kazi hii ina faida gani? Watu wetu wametawanyika. Wako waliokwenda Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu wasirudi, wako waliovuka mpaka kwenda Tanzania na Uganda, na leo wengine wako Marekani. Watoto wao hawajuani. Kijana na msichana wanakutana Nairobi, wanapendana, na siku wazee wanapokutana kuzungumza mahari ndipo inajulikana kwamba babu zao walikuwa ndugu. Hapo ni machozi tu.

Sasa tuzungumzie vifaa vyenyewe. Iko huduma inayoitwa FamilySearch, iliyofunguliwa kwenye intaneti mwaka 1999. Nyingine ni WikiTree, ya mwaka 2008. Zote mbili ni za bure. Utalipia bando tu, au saa zako pale saiba. Ni haki mjue kwamba FamilySearch inaendeshwa na Wamormoni, ambao makao yao ni Salt Lake City, Marekani. Wao wana imani yao kuhusu ibada kwa ajili ya jamaa waliokufa. Huhitaji kujiunga na kanisa lao ili kuitumia, lakini kila mtu aamue akiwa anajua.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaandika wazazi wako, babu, nyanya, na kuendelea nyuma. Mti wa ukoo pale ni mmoja kwa watu wote. Ikiwa binamu aliye Canada amemwandika babu yule yule, mtakutana kwa babu huyo.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokwama. Mitambo hii ilitengenezwa na watu ambao jina la ukoo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kwetu sivyo. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Basi utapata Kamau wa Njoroge wa Kamau wa Njoroge! Kwa Waluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku, na usiku ni wa kila mtu. Otieno wawili si lazima wawe ndugu. Kwa hiyo jina halitoshi. Andika pia ukoo, kijiji, rika, majina ya wake, na mahali walikotoka kabla ya kuhama. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, muulize: vita vya 1939 vilikukuta ukiwa mkubwa kiasi gani? Na hali ya hatari ya 1952, je? Na uhuru, 1963? Utapata mwaka ulio karibu na ukweli.

Msisahau daftari za ubatizo. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini majina yao yamo humo. Fikirieni Freretown kule Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi wao walitolewa mbali, hata upande wa Ziwa Nyasa, na wakapewa majina mapya. Kwa wajukuu wao, mstari mmoja katika daftari la zamani unaweza kuwa ndio njia pekee ya kurudi nyuma.

Sasa maonyo matatu. Moja, usitangaze habari za walio hai. Namba ya kitambulisho na ya simu hazina kazi katika mti wa ukoo, ila matapeli wanazipenda sana. Mbili, mti huo huandikwa na watu, na watu hukosea. Jambo likisemwa na mzee mmoja, liulize kwa mwingine kabla ya kuliandika. Tatu, mti wa intaneti si hati ya urithi. Mambo ya shamba la marehemu yana njia yake, kwa barua ya chifu na mahakama. Jamaa mpya akikuona unatokea ghafla, atafikiri umekuja kudai ardhi. Mwambie wazi katika salamu ya kwanza kwamba unatafuta kujuana.

Basi tufanye nini? Kila nyumba inunue daftari moja. Kijana mmoja akae na mzee mmoja, aulize pole pole, aandike kwa kalamu. Mzee akichoka, ampumzishe, arudi kesho. Intaneti itangoja, hata mwakani itakuwepo. Mzee ndiye hangoji. Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Lakini neno ambalo halikuulizwa huzikwa pamoja nao.