Kutuliza na Kupatanisha: Mafundisho Tunayoyapata katika Maneno ya Kilatini na Kiitaliano

Hotuba kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya kazi ya upatanishi, nasi tungependa kuanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliitwa kusuluhisha familia mbili za jumuiya moja zilizokuwa zikigombania mpaka wa shamba. Mmoja alikuwa amelima akapita alama za mpaka; mwenzake, kwa hasira, akang'oa mahindi yaliyokwisha kuota. Tulikwenda, tukasali pamoja nao, tukawasihi wasameheane. Walipeana mikono mbele yetu, tukaimba, tukanywa chai, tukarudi makwetu kwa furaha. Katika taarifa yetu tuliandika kwamba familia hizo zimepatanishwa. Lakini mpaka haukupimwa, wala mahindi yaliyong'olewa hayakulipwa. Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, mapanga yalitolewa, na kijana mmoja alijeruhiwa mkono ambao hata leo hawezi kushikia jembe.

Tangu wakati huo tumekuwa tukijiuliza tulikosea wapi. Jibu tulilolipata ni kwamba tuliandika neno "kupatanisha" mahali ambapo tulistahili kuandika "kutuliza". Tuliyachanganya maneno mawili, na kwa kuyachanganya tukachanganya kazi mbili. Ndiyo sababu leo tunawaalika tuyatazame pamoja maneno ya Kilatini, ambayo Kanisa limeyatumia kwa karne nyingi, na ya Kiitaliano, lugha iliyozaliwa na Kilatini. Watu wa lugha hizo walikuwa na maneno mengi kwa ajili ya kazi hii, na tofauti zilizomo zinaweza kutufaa hata huku vijijini kwetu.

1. Maneno ya kutuliza

Neno la kwanza ni sedare. Ni la ukoo mmoja na sedere, yaani kukaa kitako. Basi sedare ni kumfanya mtu akae, atulie mahali pake. Waitaliano hulitumia neno hilo hilo kwa kutuliza maumivu na kwa kuzima ghasia, na dawa ya kumtuliza mgonjwa huiita sedativo. Hapa Kiswahili chetu kinakaribiana nalo, kwa kuwa tulia na tuliza hutokana na tua: mtu aliyechoka hutua mzigo wake, akapumzika.

Neno la pili ni placare, kupoza hasira. Kwa Kiitaliano mtu hupoza hasira, lakini pia hupoza njaa na kiu kwa neno hilo hilo. La tatu ni lenire, litokanalo na lenis, yaani laini: hili ni neno la kidonda na maumivu. La nne ni mitigare, kulainisha na kupunguza ukali. Limejengwa juu ya mitis, neno ambalo Warumi walilitumia kwa mtu mpole na pia kwa tunda lililoiva. Wapole wanaotajwa katika zile Heri kwa Kilatini huitwa mites.

La tano ni calmare, ambalo wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya joto kali. Wanaeleza kwamba adhuhuri, jua linapochoma, watu huacha kazi na upepo baharini hufa. Watu wa pwani wanaijua hali hiyo, nao huiita shwari. Wanajua pia kwamba shwari haidumu. Upepo utarudi, na nahodha mwenye akili huitumia nafasi hiyo kutengeneza matanga yake.

Ndugu zetu, hatuyadharau maneno haya. Panga linapokuwa limeinuliwa, kazi ya kwanza ni kulishusha. Mtu mwenye hasira hasikii hoja, na mwenye maumivu huhitaji kwanza kupozwa. Lakini daktari anayempa mgonjwa dawa ya kutuliza peke yake, akamruhusu arudi nyumbani na ugonjwa wake, hajamtibu. Wahenga wetu walituonya: kimya kingi kina mshindo mkuu.

2. Neno pax na historia yake

Sasa tufike kwenye neno lenyewe la amani, pax. Wataalamu wa lugha huliunganisha na mzizi wenye maana ya kufunga, kukaza vitu pamoja. Nduguze ni pacisci, yaani kufanya mapatano, na pactum, yaani mapatano yenyewe. Kwa hiyo kwa asili pax ni jambo lililofungwa baina ya pande mbili, kila upande ukijua umejifunga kwa nini. Nasi tunasema wauzaji na wanunuzi wamepatana bei, na watu waliogombana wamepatana; neno ni moja, na katika hali zote mbili hapana budi kila mmoja akubali.

Hata hivyo, neno jema laweza kutumiwa vibaya. Kutokana na pax Warumi walipata kitenzi pacare, "kuleta amani", wakakitumia kwa nchi walizozishinda kwa upanga. Julius Caesar, akieleza vita vyake vya mwaka 57 kabla ya Kristo katika nchi ya Wagalia, ambayo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa ya leo, aliandika kwamba nchi hiyo yote ilikuwa imekwisha kuwa pacata. Wenyewe hawakuwa wameulizwa. Mwaka 52 kabla ya Kristo waliinuka chini ya Vercingetorix, na damu nyingi ikamwagika upya.

Kadhalika katika mji wa Roma ipo altare ya kale iitwayo Ara Pacis, Altare ya Amani. Baraza la wazee wa Roma liliamua ijengwe mwaka 13 kabla ya Kristo, Augusto aliporudi kutoka Hispania na Galia, na iliwekwa wakfu mwaka wa 9 kabla ya Kristo. Ilisimamishwa katika uwanja uliobeba jina la Mars, mungu wao wa vita. Amani ya namna hiyo ilikuwa na faida zake kwa mshindi, lakini aliyeshindwa aliijua kwa jina jingine. Tunapoambiwa kwamba mahali fulani pana amani, tuna haki ya kuuliza: je, wote wamekubaliana, au mmoja amenyamazishwa?

3. Amani na deni

Kitenzi hicho hicho pacare kilipopita vinywani mwa watu kwa karne nyingi kilibadilika sauti, kikawa pagare kwa Kiitaliano. Maana yake leo ni kulipa. Jambo hili lisitushangaze. Mdai alikuwa na kinyongo; alipopewa haki yake moyo wake ulitulia, na hapo ndipo alipokuwa amepewa amani. Mtu aliyeridhika huitwa pago, na kumridhisha mtu ni appagare. Tena stakabadhi ya malipo huitwa quietanza, kutoka neno quieto, yaani mtulivu: ni karatasi inayoonyesha kwamba mdai ametulia kwa kuwa amelipwa, na hatabisha hodi tena.

Kiswahili kina hekima hiyo hiyo kwa maneno machache: dawa ya deni ni kulipa. Tulipowaambia wale jirani wawili wasameheane huku mahindi hayajalipwa, tulimwomba mdai atoe stakabadhi kabla ya kupokea fedha. Kweli, Mkristo anaweza kusamehe deni, na mara nyingine kusamehe ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini anayesamehe ni yule anayedai, kwa hiari yake, baada ya deni kutajwa wazi. Mpatanishi hana ruhusa ya kusamehe mali ya mtu mwingine.

Katika miji ya Italia ya karne ya 13 na ya 14, Firenze ukiwa mmojawapo, familia zilizokuwa zikilipizana kisasi zilipotaka kumaliza uadui ziliweza kwenda mbele ya mthibitishaji wa hati, wakiwepo mashahidi. Hati iliyoandikwa iliitwa instrumentum pacis, hati ya amani. Iliwataja waliopatana, nayo iliweza kuweka faini kwa yeyote atakayevunja mapatano. Ndipo maadui walipobusiana busu la amani. Sisi tulifanya busu, tukasahau hati.

4. Mbwa mwitu wa Gubbio

Wengi wenu mmesikia habari ya Mtakatifu Fransisko na mbwa mwitu wa Gubbio, mji wa Umbria, Italia ya kati. Imesimuliwa katika kitabu cha Kiitaliano cha karne ya 14 kiitwacho Fioretti. Watoto wetu hufundishwa kwamba Fransisko alimtuliza mnyama mkali kwa ishara ya msalaba. Ni kweli ndivyo isimuliwavyo, lakini hadithi haiishii hapo. Fransisko alitambua kwamba mnyama yule aliua kwa sababu ya njaa. Basi akafanya mapatano: mbwa mwitu asimdhuru mtu wala mnyama, na wenyeji wa mji wamlishe kila siku. Mnyama aliweka mguu wake katika mkono wa mtakatifu kuwa ahadi, na watu nao wakaahidi hadharani. Inasimuliwa kwamba aliishi kati yao miaka miwili, akiingia nyumba kwa nyumba na kulishwa, hata mbwa wasimbwekee.

Hapo tunaona ngazi zote mbili. Kwanza alituliza, kisha akatafuta chanzo, akapatanisha, na kila upande ukapata la kutimiza.

5. Watenda kazi wa amani

Katika Heri ya saba, Biblia ya Kilatini hutumia neno pacifici, maana yake wafanyao amani. Biblia yetu ya Kiswahili husema wapatanishi. Lakini katika Kiitaliano cha siku hizi mtu pacifico ni yule mpole asiyependa ugomvi, anayekaa kwake bila kumsumbua mtu. Pengine ndiyo sababu tafsiri ya Baraza la Maaskofu wa Italia imeandika operatori di pace, yaani watenda kazi wa amani. Tofauti hiyo ni kubwa kwetu. Katika parokia zetu wapo watu wapole wengi, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wanaokubali kutoka jasho kwa ajili ya amani ya wengine ni wachache.

Mfano wa kazi hiyo ulionekana Roma kwa faida ya jirani zetu wa Msumbiji, waliokuwa vitani tangu mwaka 1977. Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei kilichoanzishwa Roma mwaka 1968, ilizipokea serikali ya Msumbiji na Renamo kwa mazungumzo kuanzia Julai 1990. Waliokaa katikati yao walikuwa Andrea Riccardi, padre Matteo Zuppi, ambaye baadaye amekuwa Kardinali, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli kwa upande wa serikali ya Italia. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka miwili. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia sahihi. Makubaliano yalieleza habari za jeshi jipya, uchaguzi, wakimbizi na silaha, jambo kwa jambo. Wakimbizi waliokuwa Malawi, Tanzania na kwingineko walirudi, na uchaguzi ukafanyika mwaka 1994.

Tuseme ukweli pia kwamba mapigano kati ya serikali na Renamo yalizuka tena mwaka 2013, na ilibidi mapatano mengine yatiwe sahihi Maputo mwaka 2019. Miongoni mwa mambo yaliyokuwa yamebaki bila kumalizwa ni wapiganaji wa Renamo waliobaki na silaha zao. Deni lililosahaulika halifi.

6. Kurudishwa barazani

Neno letu la mwisho ni reconciliare. Ndani yake limo concilium, yaani baraza, mkutano wa watu walioitwa pamoja. Ndilo neno la Kilatini kwa Mtaguso. Reconciliare ni kumrudisha barazani mtu aliyekuwa ametengwa. Waitaliano wana neno conciliare lenye sura mbili. Huweza kusema kinywaji fulani huita usingizi, nao hutumia neno hilo. Tena dereva aliyekosa barabarani akilipa faini papo hapo hutumia neno hilo hilo. Sisi wa Tume tujichunguze: je, huwa tunawaletea watu usingizi, au tunawasaidia kulipa?

Huko Italia sheria ya mwaka 1991 ilianzisha hakimu wa amani, giudice di pace, aliyeanza kazi mwaka 1995. Miongoni mwa mashauri aliyokabidhiwa ni kuweka alama za mipaka ya mashamba, na umbali wa kupanda miti na ua karibu na jirani. Tulipolisikia hilo tuliona aibu, kwa maana ndiyo kazi tuliyoikimbia.

Basi tunawaomba kwamba kila mtakapoitwa kusuluhisha, kabla ya kuandika taarifa, mjibu maswali haya. Hasira zimetulia? Chanzo kimetajwa na pande zote mbili? Aliyedhulumiwa amelipwa, au amesamehe kwa hiari yake? Mapatano yameandikwa, na mashahidi wapo? Nani atarudi kuangalia baada ya mvua za kwanza? Mkijibu ndiyo kwa swali la kwanza tu, andikeni kwamba wametulia, wala msiandike kwamba wamepatana.

Sisi tulirudi kwa wale jirani wawili, tukiwa tumechelewa. Safari hii tulikwenda na wazee wanaoijua ardhi ile na kamba ya kupimia. Mpaka uliwekwa, na katani ikapandwa kuwa alama. Fidia ya mahindi ilitolewa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilipopokelewa tuliandika stakabadhi mbele ya jumuiya. Gharama za matibabu ya kijana zimegawanywa, na bado hazijamalizika kulipwa. Kwa hiyo katika taarifa yetu tumeandika kwamba kazi inaendelea.

Mungu awabariki katika utume wenu.